Jengo la Nabhan: Msumari Mlangoni mwa Mjane

Nyundo, msomaji wangu! Juma lililopita tuliachana nyundo ikilia, na leo bado inalia. Msumari wa inchi nne unazama kwenye mlango wa ghorofa ya tatu, Jengo la Nabhan, Tabora mjini, na nyuma ya mlango huo kuna mtu mzima, yu hai.

"Nani anapigilia mlango wangu?" Zeyana alipiga kelele.

Nyundo ikasita.

"Nani yumo?" fundi aliuliza, sauti imemkauka. "Nimeambiwa nyumba tupu."

"Tupu? Na mimi ninayesema nawe ni nani, jini?"

Wewe uliyekosa gazeti la juma lililopita, sogea nikupe kwa mkupuo mmoja, maana Zeyana hana muda wa kutungoja. Zeyana ni mjane wa Thabit. Thabit ni mwana wa Mzee Nabhan, yule aliyelijenga jengo hili mwaka wa hamsini na saba, papo hapo lilipokuwa tembe la babu yake, nyumba ya udongo ya paa bapa, zama misafara ya Ujiji inashusha mizigo uani. Ghorofa tatu za zege, roshani zimezunguka kona, ukuta wa ngazi wote matundu ya saruji, na paa bapa juu. Mchora ramani alipomwambia paa bapa ndio mtindo mpya wa Ulaya, mzee alimcheka mbele ya mafundi. "Wanyamwezi wamelala chini ya paa bapa kabla babu yako hajazaliwa. Wewe jenga tu."

Akajenga. Watu wakatoka Cheyo kwa miguu kuja kuzitazama roshani.

Mwaka huu wa sabini na moja serikali imeyachukua majumba makubwa ya kupangisha, na Jengo la Nabhan likachukuliwa pamoja nayo. Thabit alisikia habari akaanguka, hakuinuka tena. Agizo lilikuwa wazi: aliyemo akae, apangishwe na serikali. Kwa hiyo fleti ya juu, alimofia Thabit, ni haki ya mjane wake kukaa. Mtoto hawakujaliwa. Zeyana hana kingine duniani ila milango ile mitatu na jiko.

Na yumo edani. Hatoki nje, haonani na wanaume, amevaa nyeupe mpaka siku zake zitimie. Basi nani amemtuma fundi amzibie mlango mjane edani? Laana gani hii!

"Mama," sauti nyingine ilisema nje, sauti nzito ya mtu wa ofisini. "Mimi naitwa Silasi, natoka ofisi ya majumba. Samahani sana. Shemeji yako Hamdun amenikabidhi ufunguo, akasema umepanda treni jana kwenda kwa kaka zako Goweko. Nimekuja kufunga mpaka mpangaji mpya aingie."

"Mpangaji mpya ni nani?"

"Ni yeye. Shemeji yako."

Zeyana aliupiga mlango kwa kiganja.

"Na mimi nimetoka kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa yako, mama. Ijumaa alasiri ulitamka mwenyewe kwamba umeridhika. Nilikuwepo. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Shomari, alikuwepo."

"Nilitamka wapi?"

"Humo ndani. Nyuma ya pazia."

Haya! Umesikia? Mwanamke amekaa kwake, hajafungua kinywa, na kumbe ameshagawa nyumba.

"Ng'oa msumari wako, baba," Zeyana alisema. "Ung'oe sasa hivi. Na muite Mzee Shomari. Muite na huyo Hamdun. Wote waje waniambie hapa nimesema nini."

Silasi hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemwaibisha. Akamwamuru fundi ang'oe. Akamtuma amwite balozi, ambaye karakana yake ya mabati iko ng'ambo ya barabara.

Hamdun hakuhitaji kuitwa. Alikuwa tayari chini ya jengo na mkewe Tufaha, ndani ya gari lililojaa magodoro. Alikuja kuhamia, bwana! Alipanda ngazi anatabasamu, akakuta mlango wazi, tabasamu likamfia usoni.

Zeyana alishusha pazia baina ya sebule na chumba cha ndani, akaketi nyuma yake. Wanaume wakaingia kama wanavyoingia watu wa Tabora kwa mjane: kikohozi mlangoni, hodi mara tatu, kisha macho chini kwenye sakafu ya terazo.

"Shikamoo, Mzee Shomari," alisema Zeyana.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Nishapoa. Mzee wangu, Ijumaa ulinisikia nikisema nimeitoa nyumba?"

"Nilikusikia kwa masikio yangu haya. Nilikuuliza, Zeyana binti Saidi, umeridhika? Ukajibu, nimeridhika, mpeni shemeji, mimi nakwenda kwetu. Nikasema Mungu akubariki."

"Uliniona?"

"Astaghfirullah!" Mzee alishtuka. "Nikuone vipi na wewe umo edani? Tulikaa hapa hapa, macho chini. Mwanamume gani wa mji huu anatazama pazia la mjane?"

"Na wewe, Bwana Silasi?"

"Mimi niliambiwa nisitazame," alisema Silasi. "Nikatazama juu. Nalijua dari hili mpaka nyufa zake."

Sasa Zeyana akaelewa. Akaelewa yote kwa mara moja. Ijumaa alasiri hakuwemo humu ndani kabisa! Tufaha alikuja mapema, mwema ajabu siku ile, akamwambia tangi la juu limejaa maji, nenda paani ukaoshwe nywele, nitakuangalizia nyumba. Zeyana akapanda na Mwamvita, shoga yake, mshonaji wa ghorofa ya pili, wakakaa nyuma ya ukuta wa matundu wasikoonwa na mtu. Na huku chini, nyuma ya pazia la Zeyana, kulikuwa na mwanamke. Ndiyo. Lakini mwanamke gani?

"Hakuwa mimi!" alifoka. "Mmedanganywa, wazee wazima! Mlisikia sauti ya mwanamke mkadhani wanawake wote ni mimi!"

"Msiba umemgusa akili," Hamdun alisema, anatikisa kichwa. "Ijumaa anasema hili, leo anasema lile. Tumvumilie."

"Mimi nilikuwa paani. Muulizeni Mwamvita!"

Silasi akamtuma fundi ghorofa ya pili. Fundi akarudi peke yake.

"Anasema ana nguo za harusi, hawezi kupanda."

Zeyana alidhani hakusikia vizuri. Mwamvita? Mwamvita aliyemwogesha, aliyemletea uji kila asubuhi tangu msiba? Lakini hakupata nafasi ya kuuma kidole, maana Hamdun alishapata mlango wa kupitia.

"Mnaona? Hata shahidi wake hamtaki. Tufaha, hebu ingia ndani umtulize mwenzio. Aseme tena taratibu, tuondoke."

Tufaha akaingia nyuma ya pazia. Alikuwa mwanamke mrefu, mzuri. Alipofika hakumtazama Zeyana. Alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye mkeka, mahali pale pale karibu na pazia, mgongo ukutani, kama mtu aliyewahi kukaa pale.

"Ni wewe," Zeyana alimnong'oneza.

"Dada, nisamehe."

"Ulikaa hapo ukajiita jina langu."

"Aliniapia. Nisipofanya ananiacha, na watoto anachukua. Ningefanyaje?"

"Ungefanyaje! Ungekataa! Mimi nimefiwa, Tufaha. Nimefiwa, na wewe umekuja kwangu kwa uso mkunjufu, kisha ukaniibia mdomo!"

Mkono wake ukapanda. Msomaji, mimi ningempiga kofi. Wewe pia. Zeyana aliuacha mkono hewani, kisha akaushusha, si kwa huruma, kwa sababu kofi lingesikika nje na Hamdun angesema, mnaona, kapagawa.

"Nipishe nikanywe maji," alisema kwa sauti ya kawaida, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Akashika kikombe. Hakunywa. Sebuleni Silasi alikuwa anasema, kwa ule ustaarabu wake wa ofisini:

"Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Umeridhika, au hukuridhika?"

Kisha sauti, ndogo, ya chini, sauti ya mjane hasa:

"Nimeridhika, baba. Nilighafilika tu kwa majonzi. Mpeni shemeji."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Shomari.

Kikombe kilimtoka Zeyana mkononi, kikavunjika. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni kwake, anajisikia akiitoa nyumba yake kwa mara ya pili!

Afanye nini? Akirudi pale akipiga kelele, Hamdun atasema ni yeye yule yule, kasema ndiyo sasa anasema siyo. Akilifunua pazia, wale wanaume watageuza nyuso ukutani, heshima yao hiyo, wasione kitu. Sauti ingebaki nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia mjane ni mmoja tu. Njia ilikuwa moja. Wamwone upande wao, huku ile sauti ingali ndani.

Lakini kufika upande wao bila kupita kwenye pazia, ilikuwa lazima atoke nje.

Mlango wa nyuma wa jiko ulikuwa na ngazi ya chuma inayojizungusha mpaka uani. Mzee Nabhan aliiweka kwa ajili ya wachota maji, wasikutane na wageni. Zeyana hakuwahi kuikanyaga tangu aolewe. Na sasa yumo edani, na mjane hatoki edani ila kwa dharura.

"Kama hii si dharura," alisema peke yake, "basi dharura ni nini?"

Akajitanda ushungi mpaka usoni, akafungua mlango, akashuka.

Chuma kilikuwa cha moto kwa jua la saa saba. Alipita dirisha la jiko la ghorofa ya pili, akasikia cherehani ya Mwamvita imenyamaza. Akapita la ghorofa ya kwanza, mpishi wa watu akadondosha mwiko. Akafika uani, akazunguka kona, akatokeza barabarani, nguo nyeupe tupu, mchana kweupe.

"Jamani! Kizuka katoka! Mjane wa Thabit katoka!"

Muuza maziwa alishuka kwenye baiskeli akageukia ukuta. Wanawake wa ng'ambo walishika midomo. Mmoja alisema hana haya. Zeyana alimsikia vizuri sana, akamjibu bila kusimama:

"Haya ninayo. Nyumba ndiyo sina!"

Akaingia mlango mkuu, chini ya jina la baba mkwe wake lililochongwa kwenye zege, akapanda ngazi. Jua lilipita kwenye matundu likamwangukia madoa madoa. Pumzi zilikuwa zinamwisha. Pale ghorofa ya pili mlango ulifunguka kidogo, Mwamvita akachungulia, akamwona, akaweka mkono kifuani. Zeyana hakusimama. Alisikia nyayo zinamfuata nyuma.

Ndani, Silasi alikuwa bado anauliza maswali yake. Mungu ambariki na maswali yake!

"Kwa hiyo mama utasafiri lini?"

"Kesho, baba," ilijibu sauti ya pazia. "Kaka zangu watakuja stesheni kunipokea. Mimi Zeyana sina kinyongo na mtu."

"Sina kinyongo?" Zeyana alisema toka mlangoni. "Mimi ninacho. Ninacho kifua tele!"

Wanaume watatu waligeuka kwa pamoja. Mzee Shomari alimwona, akafumba macho, akayafumbua, akatazama pazia, akamtazama tena. Silasi alisimama.

"Mimi ni Zeyana binti Saidi," alisema, ushungi umemwacha macho tu, na macho yale hayakutazama chini. "Mzee Shomari, unaijua sauti yangu, umenijibu shikamoo sasa hivi. Nimetoka edani, nimetembea barabarani mbele ya mji mzima, ili mnione. Basi nioneni! Na huyo anayesema nanyi humo, muulizeni mama yake alimwita nani."

Nyuma ya pazia kilio kikaanza. Tufaha akatoka, uso umelowa, akakaa chini mbele ya mlango wa chumba.

Mzee Shomari hakumsemesha Tufaha. Alimgeukia Hamdun, na mzee yule mpole, ambaye mtaa mzima haujamsikia akigomba, akapaza sauti.

"Ulijua sitatazama. Ulijua mimi si mtu wa kutazama pazia la mjane. Hiyo heshima yangu ndiyo uliyoitumia. Umenishuhudisha uongo, Hamdun, na kwa Mungu nitasimama nao mimi! Toka mbele yangu."

"Fleti ni yako, mama," Silasi alisema haraka. "Ofisi yangu imekosea. Nitarekebisha leo leo, upewe."

Hapo ungetegemea Zeyana ashukuru. Hakushukuru.

"Usiniambie napewa. Jengo la baba mkwe wangu mmelichukua. Sikusema neno, nilikuwa namzika mume wangu. Mkatuita wanyonyaji kwenye redio, sikusema neno. Sasa umekuja na nyundo, hukugonga hata hodi, ukanipigilia msumari kama sanduku la tumbaku, na mimi niseme asante kwa kunipangisha chumba nilimomfumbia Thabit macho? Sisemi! Andika kwamba nakaa, basi. Asante utaipata kwa mwingine."

Silasi alikubali kwa kichwa. Na hapo, msomaji wangu, hadithi ingekuwa imekwisha, tukaenda zetu kula, kama si Hamdun.

Hamdun alicheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeficha karata.

"Nilikuwa nakusitiri," alisema. "Kwa ajili ya jina la kaka yangu nilitaka uondoke kwa heshima, kama mjane. Umekataa mwenyewe. Mzee Shomari, kaa chini. Bwana Silasi, fleti hii unampa nani?"

"Mjane wa marehemu."

"Marehemu hana mjane. Thabit alimwacha huyu. Talaka tatu, mwezi mmoja kabla ya kufa kwake. Alinitamkia mimi, hapo ngazini, akasema tumwambie polepole. Akaugua, akafa. Huyu hana eda ya ujane, hana urithi, hana nyumba. Amekaa humu kwa huruma yangu."

"Mwongo!" Zeyana alisema.

"Kama ulikuwa na hilo," Silasi aliuliza, amekunja uso, "mchezo wa pazia ulikuwa wa nini?"

"Aibu ya nyumba, bwana. Wewe ungependa ya kwenu yatangazwe?"

"Mwongo na mwizi!" Zeyana alipiga mguu chini. "Thabit amekufa mkono wake uko mkononi mwangu! Talaka ya kutamkiana ngazini, kimya kimya, nani alisikia? Lete shahidi! Lete mtu mmoja tu katika mji huu wote wa Tabora!"

"Yuko nyuma yako," alisema Hamdun.

Zeyana akageuka. Mwamvita alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Baraza yake ya kushonea iko pale pale ngazini, na matundu yale ya saruji hayazuii sauti.

"Mwambie mwongo, Mwamvita," alisema Zeyana. "Sema tu. Neno moja."

Mwamvita alianza kuikunja ile futi.

"Shoga, nakwambia sema!"

"Twende ndani, Bi Zeyana. Si hapa."

"Hapa hapa! Wamenisemea nyuma ya pazia siku zote, leo nataka mbele ya watu. Ulisikia nini?"

Mwamvita alianza kulia. Alinyoosha mkono amshike, Zeyana akarudi nyuma.

"Nilikuwa nikwambie," alisema Mwamvita. "Wallahi nilikuwa nikwambie, nikaona majonzi yako, nikasema nitasubiri mpaka umalize eda."

Zeyana alijitazama zile nguo nyeupe, tangu kifuani mpaka miguuni penye vumbi la barabara.

"Eda ya nani, Mwamvita?"